Mama anakwenda pwani, mwani umehamia baharini

SWALI: Assalamu alaikum mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Jambiani, Unguja, nipo Muscat mwaka wa sita kwa kazi za nyumbani. Mama yangu analima mwani tangu mimi sijazaliwa. Skuli nimesomeshwa kwa mwani, nyumba yetu imeezekwa bati kwa mwani. Sasa ananiambia kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, haishiki kabisa, inakuwa nyeupe na kukatika, na mwaka huu hata spinosamu, ile aina ya bei ndogo, imekufa miezi ya kaskazi. Wengine wanasema ni maji ya hoteli, wengine ni tabianchi, baba anasema wanawake wamechoka kazi tu. Kuna watu wamemwambia siku hizi mwani unalimwa maji makubwa kwa boti. Nina akiba yangu kidogo. Nimnunulie boti, au nimfungulie duka apumzike? Ana miaka 54 na hajui kuogelea.

JIBU: Waalaikumu salaam, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara jicho limegota kwenye maneno ya mwisho, kwamba mama hajui kuogelea. Umeyaandika kama nyongeza, kumbe ndiyo kiini. Nitayarudia. Kwanza tuumalize ule ubishi wa nyumbani kwenu, maana si haki mama aendelee kubebeshwa lawama isiyo yake.

Mwani pori wa pwani yetu uliokotwa na kuuzwa nje tangu zamani za wazee wetu. Miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akawa anauchunguza na kuhimiza ulimwe. Kilimo chenyewe cha biashara kilianza mwaka 1989, Paje na hapo hapo kwenu Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino: spinosamu na kotonii. Zote mbili zinanunuliwa kwa ajili ya karajinani, ule ute unaotia uzito dawa ya meno, aiskrimu na losheni. Ute wa kotonii unaganda vizuri zaidi, ndiyo maana bei yake siku zote imekuwa juu, mara nyingi maradufu ya spinosamu.

Mbegu ya mwani, kama mama atakavyokueleza, si ya kumwaga. Ni tawi linalokatwa kwenye mwani uliokomaa, likafungwa kwa taitai, vile vikamba vidogo, kwenye kamba, na likikua linakatwa tena. Zaidi ya miaka thelathini tunakata na kufunga kutoka kwenye uzao ule ule mchache. Shamba la kotonii ni ndugu wa tumbo moja: kinachomshinda mmoja kinawashinda wote.

Na kilichowashinda, kwanza kabisa, ni joto. Bahari ya Hindi sehemu za tropiki imepanda joto kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kati ya mwaka 1951 na 2015, wakati wastani wa bahari zote duniani kwa muda huo ni kama 0.7. Kwenye karatasi nyuzi moja haimtishi mtu. Njoo nayo shambani kwa mama. Upande wetu, maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kutoka sana, yanakupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Ndiyo saa mama anashuka, na ndiyo saa jua linapanda. Mwamba wa nje unazuia bahari kubwa, ndani yanabaki maji ya magotini, yametulia juu ya mchanga mweupe. Miezi ya kaskazi, Disemba mpaka Machi, siku ambayo upepo umelala, unaweka mguu na kuutoa. Kotonii inapenda maji ya nyuzi 25 mpaka 30, na maji yale ya kina kifupi yamepimwa yakipita 35. Bahari ya nje ikiamka na nyuzi moja zaidi, maji ya ndani yanauvuka mpaka wa mwani mapema zaidi na kukaa huko muda mrefu zaidi, bamvua hadi bamvua.

Mwani uliochoka kwa joto hauna tofauti na mwili uliochoka: vijidudu ambavyo siku zote vipo majini vinapata upenyo. Tawi linakuwa jeupe kama limepakwa chokaa, linalainika, linakatika, na bamvua inayofuata mama anakuta taitai zinaning'inia tupu. Mvua kubwa nazo zinaudhuru kwa kupunguza chumvi ghafla. Juu ya mwani zinaota zile nywele nyembamba za majani mengine, zinauziba mwanga. Kotonii ilianza kufa hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ilikufa hata kwenye vijiji visivyo na hoteli hata moja. Hoteli zina kesi yao, na ni kesi ya haki: ufukwe wa kuanikia umekatwa vipande vipande, na watalii wa kaiti, wanaovutwa na tiara juu ya maji, wanapita juu ya kamba za watu. Lakini weupe huu haukuletwa nazo.

Baba yako, kwa heshima zake zote, amekosea. Wanaume nao walilima mwani mwanzoni. Wao ndio walioona bei haifai, wakarudi kwenye uvuvi na baadaye kwenye kazi za hoteli. Kilo saba na zaidi za mwani mbichi zikikauka zinatoa kilo moja tu, na kwa miaka mingi kilo hiyo ya spinosamu ilinunuliwa kwa shilingi mia kadhaa. Waliobaki wameinamisha mgongo ndani ya maji ya chumvi ni mama zenu. Zanzibar leo, katika kila wakulima kumi wa mwani, wanane au zaidi ni wanawake. Watu hao huwezi kuwaambia wamechoka kazi.

Sasa tuje kwenye hili la boti, na hapa naomba univumilie, kwa sababu nitakwenda mbali kidogo.

Sisi watu wa pwani tuna maneno mawili ambayo mgeni anaweza kudhani ni kitu kimoja. Mwanamke anakwenda pwani. Mwanamme anakwenda baharini. Pwani ni pale maji yanapokupwa: unaokota chaza, unachokoa pweza, unafukia makumbi ya nazi mchangani mpaka yaoze upate usumba, zile nyuzi za kusokota kamba. Bibi yako alikuwa na shimo lake la makumbi, hilo nina hakika nalo bila kumjua. Baharini ni kule panapotaka chombo, tanga na nahodha. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini mtoto wa miaka mitano wa Jambiani anaijua.

Mwani uliingia ndani ya mpaka huo bila kuuvunja. Ulimwaji wake wa vijiti na kamba ulitaka maji ya magotini, saa za bamvua, miguu na mikono, basi. Mwanamke alikuwa na vyote. Ndiyo sababu ulibadilisha mambo mengi kwa upesi vile: kwa mara ya kwanza mama wa kijijini alishika fedha taslimu ambazo hakuzipitishia kwa mtu. Watu wa wakati ule walinung'unika sana, kwamba wanawake wanashinda majini, chakula hakipikwi, ndoa zinayumba. Baada ya miaka michache manung'uniko yakazimika, kwa sababu kila mmoja aliona sare za skuli, vyombo vya ndani, na mabati. Wewe mwenyewe ni ushahidi. (Kuna upande wa pili ambao hausemwi sana: nyumba nyingine mume alipoona mke ana chake, masurufu aliyokuwa akitoa yakapungua kimya kimya. Mama alipata fedha na mzigo kwa pamoja.)

Ndipo joto likaja. Mtu akisikia mabadiliko ya tabianchi anafikiria kuhusu vimbunga na visiwa kuzama. Kwetu limekuja kwa njia ya kimya: limeiharibu pwani kwa kotonii, na kuacha mlango wazi baharini. Kwenye kina cha mita mbili tatu na kuendelea, maji yana mwendo, ni baridi zaidi, na kotonii bado inaweza kuota. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, Dk. Flower Msuya akiwa mstari wa mbele, wamefanya kazi na akinamama kujaribu nyavu ndefu kama soksi. Mbegu zinasukumwa ndani kwa bomba badala ya kufungwa moja moja, kisha wavu unaelea kwa maboya ukiwa umeshikwa na nanga. Mwani hauchukuliwi na mawimbi kirahisi, na samaki hawaufikii vizuri. Walichokuambia watu wa kijijini kwenu si uzushi. Ni njia ya kweli.

Ila iangalie vizuri inachotaka. Inataka chombo. Inataka anayejua kukiendesha. Inataka mtu akiteleza pembeni asife. Yaani inataka vyote vile ambavyo kwetu viko upande wa wanaume. Bahari imepata joto, na matokeo yake kazi ya mwanamke imesukumwa nje ya mpaka wake, mpaka ambao hakuna aliyemfundisha kuuvuka. Watu wa miradi wanapenda kuiita hii habari ya teknolojia. Mimi nimekaa na akinamama hawa miaka mingi, na ninachokiona ni habari ya nani ana boti.

Nikupe mfano, kijiji sitakitaja. Kikundi cha wanawake kilipewa boti nzuri, ikazinduliwa kwa dua na picha. Hawakufundishwa kuiendesha, kwa hiyo alitafutwa nahodha, mtoto wa mmoja wao. Nahodha alitaka ujira wa siku, sawa, ni haki yake. Kisha akasema siku ambazo si za mwani boti isikae bure, itoke kuvua. Kisha siku za kuvua zikaanza kugongana na za mwani, na samaki wanalipa siku hiyo hiyo. Nilipokwenda mara ya pili nilikuta akinamama wamekaa kwenye mchanga na magunia yao ya mbegu, wamefunika kwa kanga zilizoloweshwa, wanasubiri boti yao wenyewe irudi kutoka baharini. Ilirudi maji yameshajaa. Mbegu ya siku ile ilimwagwa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyefanya uadui. Boti ilikwenda tu kwa yule aliyejua kuitumia.

Kwa hiyo usianze na boti, mwanangu. Anza na kuogelea.

Najua unawaza miaka 54. Nimewahi kusimama ufukweni siku ya mafunzo, maji ya kifuani, mwalimu naye mwanamke. Mama mmoja mkubwa kuliko mama yako alikuwa amevaa suruali ndefu na shati pana, mtandio ameukaza kichwani kwa fundo mbili, amekumbatia dumu tupu la mafuta ya kula la lita ishirini kama mtu anavyokumbatia mtoto. Siku ya kwanza hakuinua miguu kabisa. Siku ya pili aliinua mmoja. Wiki ya pili dumu lilikuwa linaelea peke yake pembeni na yeye yuko chali, macho ameyafumba, anatoa shahada kila wimbi likimgusa sikio. Maisha yake yote alifanya kazi ndani ya bahari na hajawahi hata mara moja kuilalia. Alipotoka alikaa muda mrefu bila kusema neno. Mabinti waliokuwa wakitazama kwenye ngazi waliomba kuandikwa siku ile ile.

Mambo yanayokwamisha si umri. Ni faragha, mavazi, na ruhusa. Hayo yote yana dawa yakishughulikiwa mapema: mwalimu awe mwanamke, mahali pasiwe mbele ya baraza ya hoteli, na baba yako aombwe kwa njia zake, na mtu anayemheshimu, kabla habari haijamfikia kwa uvumi. Mume aliyeshirikishwa mapema mara nyingi ndiye anayekuja kushika kamba ya nanga.

Kisha, boti ya mama peke yake sikushauri. Chombo kinataka matengenezo, rangi, nanga, maboya, majaketi ya kuokolea, na mtu mmoja kule nje ni hatari hata akijua kuogelea. Zungumza na wenzake kumi, kumi na mbili, wale ambao wamelima kamba za jirani naye miaka yote. Fedha yako iwe sehemu, si zote. Boti iandikishwe kwa jina la kikundi, na leseni iwe na jina hilo hilo. Angalau wanawake watatu wajifunze kuiendesha wenyewe. Na waandike kwa maneno machache, mbele ya sheha na kamati ya wavuvi ya shehia, siku za bamvua boti ni ya mwani na haina ruhusa ya kwenda kwengine. Kamati hiyo lazima ihusike kwa sababu nyingine pia: kule nje kuna madema, ile mitego ya samaki, na nyavu za watu, na shamba la mwani lililowekwa bila mazungumzo litakatwa usiku.

Duka sikulikatai, lakini nasita. Kila mtaa wa kijiji una maduka matatu yanayouza unga ule ule na vocha zile zile, na deni la jirani ni gumu kulidai. Zaidi ya hayo, mama ana elimu ya miaka zaidi ya thelathini. Anajua maji yatafika wapi siku ya tatu ya mwezi mwandamo na siku ya kumi na saba bila kuangalia kitabu. Ukimkalisha nyuma ya kaunta, elimu hiyo inakufa naye, na pale pwani ndipo anapokutana na wenzake, wanapopeana habari, wanapochangishana kwenye misiba na harusi. Pumziko la namna hiyo linaweza kumuumiza kuliko mgongo unavyomuumiza.

Ziko njia za kati. Hapo hapo Jambiani kuna wanawake wanaolima sponji za baharini kwa kuogea, wanazozitundika kwenye kamba ndani ya maji. Sponji inavumilia joto kuliko kotonii na haitaki kufungwa na kuvunwa kila baada ya wiki sita. Lakini inachelewa kukomaa, inanunuliwa zaidi na watalii, na mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege tulijifunza maana ya soko la mteja mmoja. Na wale wanawake wa sponji nao ilibidi wajifunze kuogelea.

Njia nyingine ni kuacha kuifukuza kotonii na kuiongezea thamani spinosamu. Tangu mwaka 2006, ulipoanzishwa umoja wa kuwaunganisha wakulima wa mwani, watafiti na wafanyabiashara Zanzibar, vikundi vimekuwa vikitengeneza sabuni, unga na mafuta ya mwani. Akinamama wa Tusife Moyo kule Kidoti wamejulikana kwa sabuni zao. Sabuni haidai kotonii, spinosamu inatosha, na mche mmoja wa sabuni unalipa kuliko kilo nzima ya mwani mkavu. Shida ni kwamba kila kikundi sasa kinatengeneza sabuni ile ile ya karafuu na mchaichai. Wewe uliyeko Muscat unaweza kufanya jambo moja ambalo mimi siwezi: uwaulize wanawake wa huko wananunua sabuni gani, harufu gani, kwa kifungashio gani. Taarifa hiyo ikifika Jambiani ni mtaji.

Wakati hayo yakipangwa, shamba la sasa lisiachwe. Mtumie mama pimajoto ya maji, si ghali. Apime kila bamvua, saa ile ile, sehemu tatu: karibu na ufukwe, katikati, na ukingoni mwa mwamba ambapo mkondo unapita. Aandike kwenye daftari la skuli pamoja na hali ya mwani. Kaskazi mbili tu zitamwonyesha sehemu gani ya shamba lake inakufa kwanza na mwezi gani. Wakulima wengine wamegundua kwamba kuhamisha vijiti hatua chache tu kuelekea penye mkondo kunaokoa spinosamu. Na kabla ya joto kuanza, atenge mbegu nzima nzima, aziweke sehemu ya kina iliyo salama, ili kaskazi ikimuulia zilizo juu asianze kuomba mbegu kwa watu.

Kuna jambo umeliuliza bila kuliuliza: kama bado kuna maisha kwenye mwani. Kwa Pemba, ambako sasa ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, naona yapo. Kwa Kibuyuni, kusini mwa Kenya, wanawake walioanza baada yetu bado wanapanua mashamba. Kwa Jambiani, kwa mtindo ule wa 1989, magotini na vijiti, naona yanafifia, na sitakudanganya kwa kuwa unatuma fedha ya jasho. Anayesema kotonii itarudi pale pale ilipokuwa anamtakia mama yako mema, lakini maji hayaoneshi hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma chochote, mpigie mama, na usimuulize kuhusu boti. Muulize nani katika wenzake angekubali kuingia naye maji ya kifuani. Akikutajia majina matano bila kufikiri, kikundi unacho tayari. Akinyamaza, anza na pimajoto na daftari, mengine yangoje.

Na angalia majira. Mafunzo ya kuogelea yanataka maji yaliyotulia, na kwetu hayo ni maleleji, upepo wa kusi ukishakatika na kaskazi bado haijashika, Oktoba na Novemba. Nauli ya mwalimu, mavazi na madumu vifike kabla ya hapo. Disemba upepo ukigeuka, hakuna atakayekubali kuinua miguu.